Hewa Iliyogeuka Chanzo: Uchambuzi wa Kisa cha Kilele cha Eksirei katika Jaribio la Paladiamu na Deuteriamu

Usuli

Maabara inayohusika ni chumba kimoja katika idara ya fizikia ya chuo kikuu. Jina la chuo, majina ya wahusika na tarehe vimeondolewa, na hesabu zimezungushwa kidogo bila kugeuza maana yake. Wahusika wakuu ni watatu: mkuu wa maabara, mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyeendesha jaribio siku hadi siku, na fundi wa maabara aliyeshughulikia pampu, mitungi ya gesi na umeme. Mimi niliingia mwishoni, nilipoombwa kusoma rasimu ya ripoti kabla haijatumwa popote.

Swali la jaribio lilikuwa la kawaida kwa wanaoifahamu mada hii: je, foili (karatasi nyembamba) ya metali ya paladiamu iliyofyonza deuteriamu, yaani hidrojeni nzito, kwa wingi hutoa dalili yoyote ya mmenyuko wa nyuklia? Swali hili lilipata umaarufu tarehe 23 Machi 1989, Martin Fleischmann na Stanley Pons walipotangaza huko Utah, Marekani, kwamba wamepata joto la ziada katika seli ya elektrolisisi yenye paladiamu na maji mazito. Maabara nyingi zilijaribu kulirudia tangazo hilo na hazikufaulu. Mkuu wa maabara katika kisa hiki hakuwa muumini wa jambo hilo. Alilichagua kwa sababu linamfundisha mwanafunzi namna ya kutafuta kitu ambacho huenda hakipo, kisha kueleza kwa tarakimu ni kidogo kiasi gani kingeweza kujificha bila yeye kukiona.

Eksirei zinaingia hapa kama mashahidi. Viini viwili vya deuteriamu vikiungana kwa njia zinazofahamika, hutokea ama protoni ya 3.02 MeV pamoja na kiini cha tritiamu cha 1.01 MeV, ama nyutroni ya 2.45 MeV pamoja na kiini cha heliamu-3 cha 0.82 MeV. (MeV, keV na eV ni vipimo vya nishati ya chembe: MeV 1 ni keV 1,000, na keV 1 ni eV 1,000.) Chembe zenye chaji zinazozaliwa ndani kabisa ya metali hazifiki nje, lakini njiani huzing'oa elektroni za ndani za atomu za paladiamu, na atomu hizo zinapojaza pengo hutoa eksirei zenye nishati zisizobadilika: takriban 21.18 keV kwa ganda la K, yaani tabaka la elektroni lililo karibu zaidi na kiini, na 2.839 keV (mstari uitwao Lα) pamoja na 2.990 keV (Lβ) kwa ganda la L linalofuata. Anayeziona eksirei hizo bila kuwepo kitu kingine cha kuzichochea ana hoja ya kusikilizwa.

Kundi liliamua kutegemea mistari ya L. Kigunduzi chao cha silikoni kilikuwa na unene wa milimita 0.45, ambao hukamata takriban thuluthi moja tu ya fotoni za 21 keV, ilhali karibu kila fotoni ya 3 keV inayofika ndani yake husimama humo. Isitoshe, ganda la L hupigwa kwa urahisi zaidi kuliko la K. Gharama ya uamuzi huo ni kwamba eksirei za 3 keV ni dhaifu mno safarini. Zile zinazozaliwa kina cha zaidi ya mikromita chache ndani ya paladiamu huishia humohumo, na zinazobahatika kutoka hukutana na dirisha, gesi, dirisha lingine, na tabaka la juu la kigunduzi chenyewe.

Mpangilio wa vifaa

Foili ilikuwa ndani ya chombo kidogo cha chuma kisichopitisha gesi, chenye dirisha la beriliamu la mikromita 50. Ndani ya chombo iliwekwa hidrojeni ya kawaida kwa vipimo vya ulinganisho, au deuteriamu kwa vipimo vyenyewe. Nje ya dirisha, kwa umbali wa sentimita 4, palikuwa na kigunduzi cha silikoni chenye eneo la milimita mraba 25 na dirisha lake la beriliamu la mikromita 12.5. Umbali wote kutoka foili hadi kigunduzi ulikuwa sentimita 6. Chombo na kigunduzi vilizungukwa na kisanduku chenye fremu za alumini, na nje yake tofali za risasi. Kisanduku hicho kilikuwa na mirija miwili ili kiweze kujazwa heliamu badala ya hewa.

Ndani ya kisanduku, pembeni, palibandikwa chanzo kidogo cha chuma-55, aina ya chuma yenye mionzi. Chanzo hiki hutoa eksirei za manganisi za 5.895 keV na 6.490 keV, na nusumaisha yake ni takriban miaka 2.7. Kiligeuzwa ili kisitazamane na kigunduzi moja kwa moja. Kazi yake ilikuwa kutoa fotoni chache zilizotawanyika, zionekane kama kilele kidogo cha 5.9 keV katika kila spektra, yaani mchoro wa idadi ya fotoni kwa kila nishati. Sababu ilikuwa ya msingi. Joto la chumba lilipanda na kushuka, kiyoyozi kilizimika kila umeme ulipokatika, na ukuzaji wa ishara ulisogea pamoja na joto. Kilele kisichobadilika kiliwawezesha kujua kama mizani yao imehama.

Yaliyotokea

Vipimo sita vya kwanza, kila kimoja cha saa 24, vilifanywa kwa hidrojeni ndani ya chombo na heliamu ndani ya kisanduku. Katika eneo la 2.7 hadi 3.1 keV hakukuonekana kitu isipokuwa hesabu za usuli, yaani fotoni zinazohesabiwa hata bila ishara, zipatazo 400 kwa siku.

Baada ya hapo mtungi wa heliamu uliisha. Mtungi mwingine uliagizwa, na jibu la muuzaji likawa ni kungoja wiki kadhaa. (Inachekesha kidogo kwamba ugunduzi wa heliamu katika bonde la Rukwa ulitangazwa mwaka 2016, na bado maabara za ukanda wetu huingojea kutoka ng'ambo.) Mwanafunzi alikaa chini akapiga hesabu. Kwa msongamano wa hewa ya usawa wa bahari, sentimita 4 za hewa huruhusu takriban asilimia 89 ya fotoni za 5.9 keV kupita, na takriban asilimia 40 ya fotoni za 2.84 keV. Hesabu hiyo ni sahihi, niliirudia mwenyewe. Hitimisho lake lilikuwa kwamba wakiendelea ndani ya hewa watapoteza zaidi ya nusu ya ishara, hasara inayoweza kufidiwa kwa kupima muda mrefu zaidi. Mkuu wa maabara alikubali, na vipimo vya deuteriamu vikaanza, kisanduku kikiwa na hewa ya kawaida.

Siku ya kwanza tu, kilele kilijitokeza. Programu ilikisoma kuwa 2.91 keV, kikiwa na hesabu 1,870 juu ya usuli. Ukichukua kosa la takwimu kuwa takriban hesabu 52, kilele hicho kilizidi kosa lake zaidi ya mara 30. Walirudia mara ya pili, ya tatu, hadi ya tano: kilele kilekile, mahali palepale, ukubwa uleule ndani ya mipaka ya takwimu. Mwanafunzi akaeleza katika rasimu kwamba 2.91 keV iko kati ya Lα na Lβ ya paladiamu, kwamba kigunduzi kimeiunganisha mistari hiyo miwili kuwa kilele kimoja, na kwamba kwa kuwa kilele hakikuwepo kwa hidrojeni bali kimetokea kwa deuteriamu, chanzo chake kinapaswa kutafutwa ndani ya foili.

Rasimu haikutumia neno «ugunduzi», na lugha yake ilikuwa ya tahadhari. Lakini mchoro wake ungemshawishi mtu: spektra mbili, moja tambarare na nyingine yenye mlima.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza mzuri ulikuwa wa mkuu wa maabara, ambaye alizuia rasimu isitoke hadi mtu wa nje aisome. Alinieleza kwamba kilichomtia wasiwasi kilikuwa ukubwa wa kilele, kwani kama hesabu zile zingetokana na protoni za 3 MeV, nyutroni ambazo zingepaswa kuandamana nazo zingeonekana wazi kwenye kipima nyutroni kilichokuwa chumba hichohicho, nacho kilikuwa kimya.

Nilipopata rasimu niliomba mafaili ya spektra yenyewe badala ya michoro. Mchoro wa ripoti ulianzia 2 keV, kwa maelezo kwamba chini ya hapo ni kelele za elektroniki. Mafaili yalipofunguliwa kuanzia chaneli ya kwanza, yaani nishati ya chini kabisa, palionekana jambo ambalo mchoro ulikuwa umelikata. Katika vipimo vyote sita vya hidrojeni kulikuwa na kilele kidogo karibu na 1.49 keV, yaani Kα (mstari mkuu wa ganda la K) ya alumini, kutoka kwenye fremu za kisanduku zilizopigwa na eksirei za chuma-55. Katika vipimo vyote vitano vya deuteriamu kilele hicho hakikuwepo. Sentimita 4 za hewa hupitisha chini ya asilimia moja ya fotoni za 1.49 keV, kwa hiyo kutoweka kwake kulikuwa saini ya hewa. Kitu kimoja kilikuwa kimeondoka na kingine kimeingia, siku moja.

Nikauliza ni nini kilichobadilika kati ya mafungu mawili ya vipimo. Mwanafunzi alijibu kwa uaminifu kabisa, «Gesi ya ndani ya chombo tu, Mwalimu.» Fundi, aliyekuwa amekaa nyuma yetu akikaza nati za pampu, akasema bila kuinua kichwa, «Na ya nje pia. Siku ile mtungi ulikuwa umeisha.»

Mwanafunzi hakuwa amesahau. Hesabu yake ya asilimia 40 ilikuwa kwenye daftari. Ila katika fikra zake hewa ilikuwa pazia tu, kitu kinachopunguza. Hakuiwazia kama kitu kinachoweza kutoa eksirei zake chenyewe. Takriban asilimia 0.93 ya hewa tunayovuta ni argoni. Ganda la K la argoni hung'olewa na fotoni yoyote yenye zaidi ya 3.2 keV, na fotoni za chuma-55 zina 5.9. Argoni iliyong'olewa elektroni ya ndani hutoa, mara moja katika kila nane au tisa, eksirei ya 2.957 keV. Chanzo cha chuma-55 kilikuwa kimegeuzwa kisitazamane na kigunduzi, lakini kiliitazama hewa iliyokuwa mbele ya kigunduzi.

Wakati huo hilo lilikuwa dhana tu, na dhana nyingine zilikuwepo mezani. Fedha ina mstari wa 2.984 keV, na gundi yenye unga wa fedha ilitumika kushikilia waya mmoja ndani ya chombo. Mwenzetu mmoja alikumbusha kwamba nusu ya 5.9 ni 2.95, akauliza kama fotoni za manganisi zingeweza kugawana chaji yao sehemu mbili sawa ndani ya kigunduzi. Swali zuri, jibu ni kwamba chaji ikigawanyika huacha mkia mpana wa nishati zote, haiachi kilele chembamba. Kilele cha kutoroka, kinachotokea eksirei ya silikoni inapotoka nje ya kigunduzi na sehemu ya nishati, nacho kinafahamika mahali pake: huwa 1.74 keV chini ya kilele mama, yaani 4.16 keV kwa manganisi, si 2.9.

Tulikubaliana kuanza na vipimo vya bei rahisi vinavyoweza kutenganisha dhana hizi. Kuondoa chuma-55 lingekuwa jambo la haraka zaidi, na nikiri kwamba ningelianza hilo. Mkuu wa maabara alikataa kwanza: bila chanzo hicho asingejua kama mizani imehama, na akitoa chanzo kabla ya kuihakiki mizani, matokeo yoyote yangeweza kubishaniwa. Nadhani alikuwa sahihi kuliko mimi.

Kalibresheni kwa chumvi na chaki

Kalibresheni ya awali, yaani kulinganisha namba za chaneli na nishati zinazojulikana, ilitumia nukta tatu: manganisi ya 5.895 keV, na mafungu mawili ya mistari ya amerisiamu-241, yaliyoandikwa 13.95 na 17.75 keV. Mistari hiyo kwa hakika ni ya neptuniamu, ambayo amerisiamu hubadilika kuwa. Fungu la pili si mstari mmoja. Ni mkusanyiko unaotapakaa kati ya takriban 16.8 na 18.0 keV, na kitovu chake kiko chini ya 17.75, ambayo ni nishati ya mstari mmoja tu, ulio mkubwa kuliko mingine. Programu ilipewa kitovu cha fungu zima na kuambiwa kiko 17.75. Kosa hilo, likivutwa kwa mstari ulionyooka hadi chini ya 3 keV, lilishusha usomaji kwa takriban 0.05 keV. Huko juu lisingemsumbua mtu. Huko chini, ambako argoni, fedha na Lβ ya paladiamu vinasongamana ndani ya upana wa 0.033 keV, lilitosha kubadilisha jina la elementi.

Tulihitaji nukta zilizo karibu na kilele, pande zote mbili. Mwanafunzi alileta chumvi ya mezani na chaki ya ubaoni. Chumvi ikimulikwa na chuma-55 hutoa klorini ya 2.622 keV, chaki hutoa kalsiamu ya 3.69 keV, foili ya titaniamu iliyokuwa kabatini ilitoa 4.51 keV, na alumini ya 1.487 keV ilipatikana kwa kusogeza kipande cha foili ya jikoni hadi milimita chache kutoka dirishani. Kazi nzima ilichukua mchana mmoja. Kilele kisichojulikana kikasomeka upya: 2.958 keV, na kosa la takriban 0.004. Argoni ni 2.957. Fedha ilikuwa imekwenda, na paladiamu pia.

Ushahidi mwingine ulikuwemo ndani ya data tangu mwanzo. Kigunduzi kilichokuwa na upana wa takriban 130 eV kwenye 5.9 keV kinatarajiwa kuwa na karibu 103 eV kwenye 3 keV, kwa kuwa sehemu kubwa ya upana hutokana na idadi ya chaji zinazozalishwa, nayo hupungua pamoja na nishati. Kilele kilikuwa na 105. Mistari miwili ya paladiamu imeachana kwa takriban 150 eV, kwa hiyo mchanganyiko wake ungeonekana kama mlima mpana wenye mabega, au vilele viwili kabisa, kile cha Lα kikiwa kikubwa kuliko cha Lβ. Hoja ya «kigunduzi kimeunganisha» haikuweza kusimama mbele ya upana huo.

Uthibitisho

Hapo ndipo chanzo cha chuma-55 kilipotolewa, deuteriamu ikiwa bado ndani ya chombo na hewa ndani ya kisanduku. Baada ya saa 24 hesabu za ziada zilikuwa 12, kosa likiwa takriban 28. Yaani hakuna kitu.

Chanzo kiliporudishwa, kilele kilirudi. Kisha fundi akaleta mtungi wa argoni ya kuchomelea vyuma, gesi ambayo, tofauti na heliamu, hupatikana kwenye duka la vifaa katika mji wowote wenye mafundi wa kuchomelea, akaipitisha polepole ndani ya kisanduku. Kilele kikapanda zaidi ya mara kumi, na pembeni yake, karibu na 3.19 keV, likajitokeza bega dogo la takriban sehemu moja ya kumi, ambalo ni Kβ ya argoni. Katika vipimo vya awali bega hilo lilikuwa limezama ndani ya usuli.

Mtungi wa heliamu ulipowasili hatimaye, tuliandika utabiri kwenye daftari kabla ya kufungua vali. Kama kilele kingekuwa cha paladiamu, kuondoa hewa kungekikuza mara mbili na nusu, kwa sababu asilimia 40 ingekuwa karibu asilimia 100. Kama kingekuwa cha argoni, kingetoweka. Kilitoweka, na kile cha alumini cha 1.49 keV kikarudi mahali pake.

Matokeo

Ripoti iliandikwa upya kuwa ya kikomo. Kwa hesabu za usuli 400 kwa siku, kanuni ya kitakwimu ya Currie ya mwaka 1968, inayojumlisha 2.71 na mara 4.65 ya kipeuo cha pili cha usuli, hutoa hesabu 96 kama kiasi kidogo kabisa kinachoweza kugunduliwa kwa uhakika. Sehemu ya fotoni zinazotoka foili pande zote na kufika kigunduzi hupatikana kwa kuzidisha jometri (sehemu ya pande zote inayozibwa na kigunduzi), ambayo ni 0.00055, na upitishaji wa dirisha la chombo, 0.79, kisha upitishaji wa dirisha la kigunduzi, 0.94, jumla yake ni takriban 0.00041. Hivyo basi, kama foili ilitoa mistari ya L, ilitoa chini ya takriban fotoni 2.7 kwa sekunda kutoka kwenye uso wake. Namba hiyo inahusu fotoni zilizokwisha kutoka katika metali. Kuigeuza kuwa idadi ya mimenyuko kunahitaji kudhani chembe huzaliwa kina gani, na mwanafunzi aliieleza dhana hiyo waziwazi bila kuificha ndani ya tanbihi.

Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa la ala. Vipimo vya ulinganisho vilitofautiana na vipimo vyenyewe kwa mambo mawili, gesi ya ndani na gesi ya nje, na daftari lilikuwa na safu ya kuandikia la kwanza tu. Fundi alijua, lakini fomu haikumuuliza. Hali kama hii hutokea mara nyingi zaidi ya tunavyokiri, hasa pale ambapo vipimo vya ulinganisho hufanywa vyote kwanza, kisha vyenyewe vyote baadaye. Laiti hidrojeni na deuteriamu vingepishana siku kwa siku, mtungi ungeisha katikati na kilele kingejitokeza kwa gesi zote mbili.

Kurudia mara tano hakukusaidia, ingawa kulimpa mwanafunzi imani. Kosa la takwimu dogo mara 30 kuliko ishara linathibitisha kwamba kilele kipo. Halina la kusema kuhusu jina lake. Katika eksirei za nishati ndogo mistari ya elementi tofauti hukaribiana sana, na jina hupatikana kwa familia nzima: mstari huu ukiwepo, mwenzake yuko wapi, na kwa uwiano gani? Kisa mashuhuri cha 1989 kina mfano wa aina hiyo katika nishati kubwa mno kuliko hizi. Kundi la watafiti wa MIT lilipouchunguza mstari wa gamma uliodaiwa kuwa wa 2.22 MeV, kutokana na nyutroni kunaswa na hidrojeni, liligundua kwamba ukingo wa Compton (kikomo cha nishati ambazo fotoni huacha zikitawanyika ndani ya kigunduzi) ambao mstari kama huo hauwezi kukosa kuwa nao haukuwepo, na kwamba kilele kilikuwa chembamba kuliko uwezo wa kigunduzi chenyewe.

Kukata mchoro kwenye 2 keV kulionekana usafi, kumbe kulificha shahidi bora kuliko wote. Eneo la chini, lenye kelele na vilele vya alumini na silikoni ambavyo hakuna aliyevitafuta, ndilo linaloeleza hali ya njia. Ningependa kila spektra ya aina hii ichapishwe kuanzia chaneli ya kwanza, hata kama inachukiza macho.

Kuhusu chanzo cha chuma-55, sina hakika kama kukiweka ndani lilikuwa kosa. Bila hicho, kuyumba kwa joto kungewapa matatizo mengine, na huenda makubwa zaidi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kukigeuza pembeni ni sawa na kukiondoa. Fotoni 5.9 keV haijali kigunduzi kimeelekea wapi. Huchochea chochote inachokutana nacho: fremu, gundi, hewa. Dalili ya hilo ilikuwa kwenye kila spektra, kwa kuwa kilele cha 5.9 keV kisingeonekana kamwe kama fotoni zisingekuwa zinagonga kitu na kurudi.

Kilichofanya kazi ni mambo madogo. Mkuu aliyeogopa matokeo makubwa mno. Fundi aliyekuwa chumbani wakati swali linaulizwa, jambo ambalo halikupangwa. Kikao kilifanyika maabara kwa sababu ofisi ilikuwa inapakwa rangi. Na utabiri ulioandikwa kabla ya kufungua vali, ambao ulifanya jibu lisiwe na mjadala hata kwa mwanafunzi, ambaye ndiye aliyekuwa na sababu zaidi ya kubisha.

Chanzo cha chuma-55 sasa kiko nyuma ya kifuniko cha alumini cha milimita moja, unene unaozuia fotoni zake zote kwa vitendo. Kifuniko hufunguliwa kwa dakika kumi kila baada ya saa sita, na spektra ya dakika hizo huhifadhiwa katika faili lake pekee. Daftari limeongezwa safu mbili, moja ya gesi ya kisanduku na nyingine ya shinikizo lililobaki kwenye mtungi, na safu hizo hujazwa na fundi.